Jogoo Uliyeshindwa Kukaa Naye: Mwongozo Kamili wa Kumtafutia Makao Mapya

Wanaoniandikia kuhusu majogoo husimulia kisa kilekile. Walitotolesha vifaranga wachache wakitarajia mitetea, nusu yao wakaota upanga mkubwa na kuanza kuwika. Majirani wakanuna. Wakatangaza "jogoo wa bure, njoo uchukue". Ama hawakupata mtu, ama walipata watu kumi siku ileile, wakampa aliyetangulia kufika, na mpaka leo hawajui ndege wao aliishia wapi. Wengine wanajua, na ndiyo maana wananiandikia.

Hesabu yenyewe inawapinga. Katika vifaranga 20, takribani 10 ni madume, na jogoo mmoja mwenye afya anatosheleza mitetea 10 hivi. Kazi ni moja, waombaji kumi. Ukimtafuta mtu anayependa majogoo utachoka bure. Litafute kundi la mitetea lililopungukiwa na jogoo. Hatua zote zilizo hapa chini zimefuata wazo hilo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Picha tatu za mchana: ubavu mzima, kichwa kwa karibu, na miguu.
- Video ya dakika moja akitembea na kula pamoja na wenzake.
- Karatasi ya kumbukumbu zake: tarehe ya kutotolewa, chanjo, dawa alizopewa na lini, chakula alichozoea.
- Tenga, au boksi gumu lenye matundu ubavuni. Kila ndege na lake.
- Maranda au nyasi kavu, na taulo kuukuu.
- Chakula chake cha wiki moja.
- Nakala mbili za makubaliano ya ukurasa mmoja.
- Kona ya kumtenga na wenzake.
- Muda: wiki sita hadi nane. Wengi hudhani wikendi moja inatosha.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni jogoo, na kwamba kweli lazima aondoke

Ukubwa wa upanga unadanganya, maana zipo aina ambazo mitetea yao ina upanga mkubwa. Hata kuwika si ushahidi kamili. Mtetea aliye kiongozi katika kundi lisilo na dume anaweza kuwika siku moja moja. Tazama manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Kuanzia wiki ya 12 hadi ya 16, pora (jogoo mchanga) huota hapo manyoya membamba, marefu, yenye ncha kali na yanayong'aa. Ya mtetea yana ncha ya mviringo.

Kama tatizo ni kelele, jaribu kwanza kumlaza kwenye banda lenye giza, lenye kuta nene, na umfungulie asubuhi ikishakucha. Usitegemee muujiza, kwani kuwika hakusubiri mwanga. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili, na huwika alfajiri hata akikaa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Giza na kuta hupunguza sauti inayomfikia jirani, ila hazimnyamazishi.

Lingine linalowakwaza wengi: kama una majogoo wawili au watatu, kumwondoa mwenye sauti kubwa hakuleti utulivu. Watafiti haohao walieleza mwaka 2015 kwamba jogoo wa cheo cha juu ndiye huanza kuwika, wengine wakamfuata kwa zamu ya vyeo vyao. Akiondolewa, wa pili hupanda kiti. Basi amua idadi kabla hujaamua ni nani.

Tahadhari: Mikanda ya shingoni inayouzwa kuzuia kuwika hubana koo. Ikikazwa kidogo tu kupita kiasi, ndege hushindwa kupumua au kumeza. Na kuhasi si kazi ya nyumbani. Korodani za jogoo ziko ndani ya mwili, mgongoni karibu na figo, kwa hiyo huo ni upasuaji kamili.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja nani anaondoka na kwa nini.

## Hatua ya 2: Anza akiwa bado pora

Hii ni hatua fupi, lakini ndiyo inayookoa majogoo wengi zaidi. Miezi mitatu hadi minne ndiyo umri mzuri wa kuanza kutafuta. Wengi huanza kuwika kati ya mwezi wa nne na wa tano, ingawa wapo wanaowahi sana. Pora hajaota kipi (ule mwiba wa mguuni) kirefu, hajajenga tabia ya kuwarukia watu, na mwenyeji wake mpya anaweza kumlea apendavyo. Zaidi ya hayo, hakuna jirani aliyekwisha kukupa siku saba za kumwondoa. Mwenye haraka hampi jogoo kwa aliye sahihi, humpa aliye karibu.

## Hatua ya 3: Mchunguze kama vile hujawahi kumwona

Kwa siku saba, andika kila jioni mistari miwili kuhusu mwenendo wake. Je, akipata chakula huwaita mitetea kwa ule mlio wa haraka haraka, au hula peke yake? Akiona mwewe hupiga kelele ya hatari? Ukiingia bandani hukupisha, husimama akikutazama kwa jicho la upande, au huinamisha bawa moja na kukuzunguka? Mtoto akipita je?

Majibu hayo ndiyo thamani yake. Jogoo anayeita mitetea na kuangalia anga ni mlinzi, na mfugaji wa kuku wa kutembea huria atamtaka kwa sifa hiyo kuliko kwa rangi yake.

Anayerukia watu, sema hivyo waziwazi. Najua inauma kuandika "huyu hupiga", lakini nilishawahi kunyamaza mara moja. Jogoo wangu wa madoadoa alirudishwa siku ya tatu, na aliyemrudisha alikuwa na jeraha la kipi chini kidogo ya jicho. Nilistahili kila neno nililoambiwa. Jogoo wa namna hiyo asiende kwenye nyumba yenye watoto wadogo hata kidogo; nyuso zao ziko usawa wa miguu yake.

Pima na uzito: mshike, panda mzani, kisha panda bila yeye utoe tofauti. Dume la kuku wa kimo kidogo huenda lisifike kilo moja, la aina nzito likapita kilo nne. Mwenye mitetea midogo anahitaji kujua hilo, kwa sababu jogoo mzito huichubua migongo wakati wa kupanda.

## Hatua ya 4: Msafishe kiafya

Mtenge kwa wiki mbili, kisha mkague kutoka juu kwenda chini.

Macho yawe makavu na wazi. Pua isitoe ute. Sikiliza akipumua usiku kukiwa kimya, kwani mkoromo au kupiga chafya ni dalili ya kusimamisha kila kitu. Papasa gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) asubuhi kabla hajala. Linapaswa kuwa tupu, na likiwa gumu au limejaa maji kuna tatizo. Fungua manyoya ya chini ya mkia utafute chawa na mafungu ya mayai yao meupe kwenye mashina ya manyoya. Magamba ya miguuni yalale bapa. Yakiinuka na kutoa unga mweupe, kuna utitiri umejichimbia chini yake.

Ukitumia dawa ya chawa, rudia baada ya siku 7 hadi 10, maana dozi ya kwanza huua waliopo na kuacha mayai yatakayoanguliwa. Utitiri mwekundu hautauona mchana kwa ndege, kwa sababu hujificha kwenye nyufa za banda na kutoka usiku kunyonya damu. Kagua fito za kulalia kwa tochi.

Tahadhari: Jogoo aliyewahi kuugua ugonjwa sugu wa njia ya hewa kama maikoplasma anaweza kuonekana mzima na bado akabeba vimelea. Kumpeleka kwenye kundi safi ni kuwaambukiza wenzake. Kama historia yake ina mafua yaliyojirudia, mwone daktari wa mifugo kabla ya kumtangaza. Na kama mahali ulipo kuna amri ya kuzuia kuku kuhamishwa kwa sababu ya mafua ya ndege, subiri mpaka iondolewe.

Andika chanjo alizopata, hasa ya kideri (wengine huita mdondo). Kama hajachanjwa, andika hivyo.

Utajua umefaulu siku 14 zikipita bila chafya, bila kuharisha, na upanga wake ukiwa mwekundu wa kung'aa.

## Hatua ya 5: Watafute mitetea, mtu utamkuta hapo hapo

Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu hutangaza kisha wakakaa kusubiri. Usisubiri. Andika orodha ya watu wanaofuga kuku, kisha uliza kila mmoja swali hili: "Kundi lako lina jogoo? Ana umri gani?" Usimtaje wako kwanza.

Swali la umri lina siri yake. Jogoo wengi huishi miaka mitano hadi minane, lakini nguvu za uzazi hupungua mapema kuliko hapo. Mfugaji mwenye jogoo mzee, ambaye mayai yake mengi hayaanguliwi, anahitaji mrithi hata kama hajawaza hivyo.

Kundi la pili ni la wanaototolesha wenyewe mwaka baada ya mwaka na kubakiza vifaranga wao. Kwao baba, mabinti na wajukuu wamechanganyikana. Kuzaliana kwa ndugu kunaleta vifaranga dhaifu, mayai yasiyoanguliwa na ukuaji wa kusuasua. Tiba ya kawaida ni kuleta dume asiye wa ukoo huo. Wewe unaye. Mwambie: "Nina jogoo wa damu tofauti na kuku wako." Neno "damu mpya" limenifungulia milango mingi kuliko neno lingine lolote.

Kuna wenye kuku wa kutembea huria mchana kutwa, wanaopoteza mitetea kwa mwewe na wanyama wa porini. Kuna waliopoteza jogoo wao hivi karibuni, ambao hupatikana kwa kumuuliza daktari wa mifugo, muuza chakula cha kuku, au anayetotolesha kwa mashine. Watu hawa watatu wanajua nani anafuga nini kuliko tangazo lolote. Shule zinazofundisha kilimo hupokea, lakini uliza nani huwatunza wakati wa likizo. Hifadhi za wanyama wa kufugwa waliookolewa zipo katika nchi nyingi, ila nyingi zimejaa majogoo tayari. Omba nafasi mapema, na usikasirike ukikataliwa.

Walio na mitetea sita na jogoo mmoja, waache. Wa pili atawapa mitetea mateso na yeye mwenyewe vita.

Utajua umefaulu ukiwa na majina matano ya watu wenye mitetea na sababu ya kumhitaji. Mmoja kati yao kwa kawaida hupatikana.

## Hatua ya 6: Andika tangazo linalochuja

Sasa ndipo utangaze, kwa ajili ya wale usiowafahamu. Ondoa neno "bure". Jogoo wa bure humvutia mtu ambaye hana mpango wa kumtunza, na humvutia zaidi mpiganishaji majogoo, ambaye hutafuta ndege wa kumnolea wake. Weka amana ndogo utakayoirudisha baada ya mwezi ukitumiwa picha ya jogoo akiwa kwenye kundi lake. Mwenye nia njema haoni shida, na picha utaipata.

Mfano wa maneno:

*"Jogoo wa miezi 5, kilo 2.5, amekua na mitetea 4. Huita wenzake kwenye chakula, hajawahi kumrukia mtu. Chanjo na kumbukumbu zake zipo. Anafaa kundi la mitetea 8 au zaidi lisilo na jogoo, au linalohitaji damu mpya. Si wa kitoweo, si wa kupiganishwa. Nitamleta mwenyewe. Amana inarudishwa baada ya mwezi."*

Sentensi "nitamleta mwenyewe" ndiyo chujio kali kuliko zote. Asiyetaka uone banda lake hatapiga simu ya pili.

Usiandike kwamba ni mkali, mwenye nguvu au mpiganaji, hata kwa utani. Kama ni mkali, mweleze mtu mwenye kundi aliyekwisha kukujibu, wala usilipigie debe hadharani. Na usiweke picha inayoonyesha unapoishi, kwani majogoo huibwa.

## Hatua ya 7: Hoji bila haya

Uliza: mitetea wangapi, umri gani, wanalala wapi usiku, majirani wako umbali gani, na jogoo wa mwisho alipatwa na nini? Swali la mwisho liache lipumue. Watu husema mengi wakijaza ukimya.

Sikiliza pia anachokuuliza. Mfugaji huuliza tabia, chanjo, chakula. Wasiwasi uanze pale mtu anapouliza urefu wa kipi, anapotaka madume watatu bila mtetea hata mmoja, anapobembeleza umpe leo leo usiku, au anapokuwa na majogoo waliokatwa upanga na undevu. Ukatwaji huo hufanywa sana ili mpinzani akose pa kushika.

Umri wa mitetea una uzito wake. Pora akiingia kati ya mitetea wakubwa atanyukwa mpaka ajue adabu, na hilo halina ubaya. Jogoo aliyekomaa akiwekwa na matemba wasioanza kutaga, wao ndio watakaoumia. Waambie wasubiri.

## Hatua ya 8: Makubaliano ya ukurasa mmoja

Yawe na mambo manne: nani anatoa na nani anapokea, kumbukumbu za afya, muda wa majaribio wa wiki nne, na ahadi kwamba wakimshindwa watakurudishia kabla ya kumpa mtu mwingine. Wote mtie sahihi. Karatasi hii haitamlinda milele, na ni vizuri ukubali hilo sasa. Faida yake ni kwamba mtu aliyeahidi kwa maandishi hupiga simu kwanza.

## Hatua ya 9: Safari

Mchukue usiku kwenye fito akiwa na usingizi, umfunike mabawa kwa taulo, umwingize kwenye boksi lake. Nyasi kavu chini, matundu ubavuni na si juu tu, urefu wa kumtosha kusimama ameinama kidogo.

Kuku hawatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na kwenye boksi lisilopitisha hewa hilo halisaidii. Safiri alfajiri au jioni, usimweke kwenye buti la gari lililofungwa, wala usimwache garini lenye jua hata dakika chache. Safari ikipita saa kadhaa, simama umpe maji, au kipande cha tango kisichomwagika.

Tahadhari: Usiwaweke majogoo wawili boksi moja, hata kama ni ndugu waliokua pamoja. Hofu ya safari hufuta udugu.

## Hatua ya 10: Wiki za kwanza kwa mwenyeji

Jogoo hafunguliwi moja kwa moja kwenye kundi. Kwanza karantini: wiki mbili, nne zikiwezekana, mbali na kuku wengine, na mwenyeji awahudumie kuku wake kabla ya kumhudumia mgeni ili asiwabebee ugonjwa kwa viatu na mikono. Kisha siku saba za kuonana kupitia wavu wa waya. Mwisho aingizwe usiku kwenye fito, na asubuhi pawe na vyombo viwili vya chakula na vya maji, vilivyowekwa mbali.

Mwachie chakula chake cha wiki, kibadilishwe polepole. Mkumbushe mwenyeji pia kwamba chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu nyingi, karibu asilimia 4, na jogoo hatagi. Akikila kwa muda mrefu huumiza figo. Ni afadhali kundi zima lipewe chakula chenye kalsiamu ndogo, na maganda ya chaza yawekwe kwenye bakuli la pembeni. Mitetea watakula kwa haja yao.

Siku za mwanzo huenda asiwike kabisa. Mwenyeji mmoja alinipigia akidhani nimempa bubu. Jogoo wa shamba hawiki mjini, nikamwambia, mpe wiki. Siku ya nane alipiga tena kulalamika kwamba hanyamazi.

Utajua umefaulu wiki ya nne, au ya sita kama karantini ilichukua wiki nne: anakula, anaita mitetea, wanamfuata, na migongo yao haijanyonyoka. Ikinyonyoka, mitetea hawamtoshi. Rudisha amana, omba picha.

## Ukikosa kabisa

Inatokea, hasa ukiwa na madume watano kwa mpigo. Wafugaji wengine huwaweka majogoo watupu pamoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, naam, lakini majogoo waliokua pamoja wanaweza kukaa, mradi hakuna mtetea wanayemwona wala kumsikia, eneo ni pana, kuna vichaka au mbao za kujifichia, na vyombo vya chakula ni vingi. Usiongeze mgeni mkubwa kwenye kundi hilo, wala usimtoe mmoja kwa wiki ukamrudisha.

Kama hata hilo haliwezekani na kila siku anajeruhi au anajeruhiwa, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumlaza kwa utulivu, yaani kumuua bila maumivu. Sikushauri kwa moyo mwepesi. Lakini kumtupa msituni au pembeni mwa barabara ni kumpa kifo kirefu zaidi: hajui kujitafutia, hulala kwenye tawi la chini, na usiku mmoja wa mnyama mwenye njaa unatosha. Katika nchi nyingi kutelekeza mnyama ni kosa la jinai pia. Piga simu kwa daktari asubuhi, mwache ale kama kawaida, na umpeleke kwenye boksi lilelile ulilomtayarishia safari.